Ndoana za jigi na samaki wenye meno makali: maswali ya wavuvi wa Nairobi

Majibu haya ni ya mtu anayekaa Nairobi na kuvua Watamu, Kilifi, Diani au Shimoni akipata likizo. Maandalizi yote hufanyika huku bara, mezani, usiku, stima ikiwepo. Ukishapanda boti, ulichofunga ndicho utakachovulia. Ndiyo maana maswali mengi ni ya kufunga, si ya kuvua, na karibu yote yanarudi kwenye jambo moja: samaki akiuma, meno yake yanafungika juu ya nini? Ukilijua hilo, chuma kinakwenda pale tu kinapohitajika, na kwingine kote uzi unaachwa ufanye kazi yake.

Asisti ni nini hasa?

Ni ndoana moja au mbili zilizofungwa kwenye kamba fupi inayoning'inia ubavuni mwa jigi, badala ya ile ndoana ya miguu mitatu inayobanwa mkiani. Jigi yenyewe ni kipande cha madini ya risasi kilichopakwa rangi: gramu 60 panapo kina kidogo, 300 na zaidi kwenye kina kirefu chenye mkondo mkali. Samaki akiipiga, ndoana humnasa pembeni mwa mdomo. Kwa kuwa kamba inapinda kila upande, hawezi kuutumia uzito wa jigi kuing'oa ndoana akitikisa kichwa.

Mpangilio wa viungo ni muhimu kuliko rangi ya jigi, ingawa rangi ndiyo inayobishaniwa. Lida (ule mshipi mnene unaounganisha uzi wa rili na jigi) hufungwa kwenye pete nzima, ile isiyo na mwanya. Kitanzi cha asisti nacho huingia kwenye pete hiyo hiyo. Kisha pete yenye mwanya, kama ya kutilia funguo, huishika pete nzima upande mmoja na jigi upande wa pili. Hapo nguvu za samaki hutoka kwenye ndoana, zikapita kwenye kamba, zikafika kwenye pete nzima, zikaenda kwenye lida. Pete yenye mwanya hubeba jigi peke yake. Ukiifunga lida kwenye pete yenye mwanya, umeipa kazi isiyoiweza, na uzi unaweza hata kupenya mwanyani ukachanika.

Ni samaki gani wa pwani yetu wanaokata?

Anayeongoza kwa hasara ni nguru. Meno yake ni ya pembetatu, yamebapa, safu moja juu na moja chini, na taya zikikutana hakuna kinachobaki katikati. Wahoo ana meno ya namna hiyo hiyo, ila kingo zake zina vimeno vidogo vya msumeno, na kasi yake ni ya kutisha. Mzia ana meno makubwa yasiyolingana, mengine yamesimama kama yameota yenyewe tu. Huja mbio, anapiga mara moja, na mara nyingi anarudi kumalizia. Papa ana silaha mbili: meno, na ngozi. Zamani maseremala walitumia ngozi ya papa kama msasa, kwa hiyo lida ikisuguana na ubavu wake kwa muda, haina maisha.

Kuna kundi jingine lisilokata ila linachakaza. Kolekole, chewa na jodari hawana meno ya kukata uzi kwa pigo moja. Vita vikiwa virefu, hata hivyo, kamba ya asisti huota manyoya, na samaki wa pili ndiye anayeikatia njiani. Chewa akikushinda, mara nyingi aliyekata ni mwamba wa pangoni mwake.

Halafu kuna bunju. Meno yake yameungana kuwa mabamba manne magumu, na hukata kamba bila hata fimbo kushtuka. Ukiinua jigi ukakuta ndoana haipo, kamba imekatwa safi, na hukusikia pigo lolote, mshuku bunju kabla hujamlaumu nguru. Hama hapo mlipo, kwa sababu ataendelea. Na ukimpata, usimle: ana sumu inayoua.

Kamba yangu imeandikwa ratili 200. Iweje nguru wa kilo sita aikate?

Hiyo namba kwenye lebo ni nguvu ya kuvuta kwa kunyooka, taratibu, bila kitu chenye makali. Jino halivuti, linakata. Kamba za asisti husukwa kwa nyuzi nyembamba sana, na jino likipita juu yake wakati zimekazwa, zinakatika chache, mzigo wote unahamia kwa zilizobaki, nazo zinafuata. Uzi uliokazwa hukatika upesi kuliko uliolegea, na wewe umekaza kwa sababu unapigana na samaki.

Kwa hiyo kupanda kutoka ratili 150 hadi 200 hakukupi kinga unayodhani umeinunua. Bora kuuondoa uzi kwenye njia ya meno, au kuweka chuma pale ambapo meno hayana budi kupita.

Basi kamba iwe na urefu gani?

Fupi. Fupi kuliko asisti nyingi zinazouzwa zikiwa tayari.

Chukua jigi ya sentimita 15. Ishike kwa pete, iache ining'inie, kisha tazama ndoana inaishia wapi. Kwa samaki wa meno, kipindo cha ndoana kisipite theluthi ya juu ya jigi, yaani kamba iliyo wazi kati ya pete na ndoana iwe sentimita mbili, tatu ikizidi. Kamba ndefu inamruhusu samaki kuimeza ndoana hadi ndani, na hapo kamba inalala juu ya meno kama ubao wa kukatia nyama. Ikiwa fupi, ndoana humnasa mdomoni kwa nje au pembeni, na jigi yenyewe hukaa kati ya meno na lida.

Urefu wa mguu wa ndoana nao unahesabika. Ndoana ya mguu mrefu inampa samaki chuma cha kutafuna badala ya kamba. Wanaovua changu na chewa hupenda ndoana ya mguu mfupi iliyojikunja kwa ndani kwa sababu inashika vizuri, na wako sawa kwa samaki wao. Kwa nguru na mzia mimi nachukua mguu mrefu bila kusita.

Halafu kuna kosa la upana. Mdomo wa ndoana uwe mpana kuliko jigi ilivyo pana. Ikiwa ni sawasawa, ndoana hukumbatia jigi na kukwama hapo, na utaendelea kuinua na kushusha kutwa nzima ukiwa huna ndoana inayofanya kazi. Pima kwa mkono: izungushe ndoana kwenye jigi kila upande. Ikikwama mara moja mezani, baharini itakwama daima.

Kwa nini nisiweke waya kila mahali, nimalize?

Kwa sababu utarudi na vifaa vyote na samaki hamna. Waya ni mgumu, ndoana haichezi, na samaki wanaovuta chambo kwa kunyonya, kama chewa na changu, huisukuma badala ya kuinyonya. Waya huonekana zaidi kwenye maji meupe ya kaskazi, na ukishajikunja mara moja, pale ulipojikunja ndipo utakapokatikia.

Msimamo wangu ni huu. Kama mnavua chini kabisa kwenye mwamba, na samaki wa meno ni bahati mbaya tu ya kupitia, tumia kamba fupi na ukubali kupoteza ndoana mbili tatu. Kama nahodha anasema nguru wamo, au mmeshakatwa mara mbili mahali pamoja, badilisha asisti iwe ya waya na usibishane naye. Kubeba aina zote mbili zikiwa tayari kwenye pete zake ni rahisi kuliko kuamua ukiwa Nairobi.

Waya gani? Kuna aina ngapi?

Kwa kazi hii zipo tatu. Kuna waya wa uzi mmoja, mgumu, mwembamba kwa nguvu zake. Kuna wa nyuzi saba, ambao uko katikati na hujikunja vibaya. Kuna wa nyuzi 49, yaani vifungu saba vya nyuzi saba, laini karibu kama kamba. Kwa asisti nachukua wa nyuzi 49, ratili 90 hadi 150. Kwa kipande cha juu ya jigi, kile cha kulinda lida, nachukua wa uzi mmoja. Wa nyuzi saba nawaachia wanaoupenda.

Naomba hatua za kutengeneza asisti ya waya.

Njia zipo nyingi. Hii ni ya kitanzi kimoja na slivu moja, na inakubali urefu mfupi tunaoutaka. (Slivu ni ule mrija mdogo wa chuma unaobanwa juu ya waya. Chukua ya shaba yenye matundu mawili, maana ile ya alumini ni ya nailoni.)

Kata waya wa nyuzi 49 wa sentimita tisa. Upitishe kwenye tundu la ndoana na kwenye pete nzima, kisha ncha zote mbili ziingie kwenye slivu kutoka pande zinazokabiliana, zipishane ndani yake. Sasa una mviringo uliofungwa, ndoana upande mmoja, pete upande wa pili, waya mara mbili katikati. Vuta ncha hadi mviringo ubaki na urefu wa sentimita tatu. Hakikisha ncha zimetokeza kidogo tu upande wa pili wa slivu, kiasi cha kuonekana, si kiasi cha kuchoma kidole.

Bana katikati ya slivu kwanza, halafu kila upande, ukiacha milimita moja pembezoni bila kubanwa. Hiyo milimita ndiyo inayoachwa wazi kidogo kama mdomo wa tarumbeta, ili ukingo wa slivu usiukate waya. Ukibana hadi mwisho, umetengeneza kisu chako mwenyewe. Koleo la kubania vichwa vya nyaya za gari linabapa slivu upande mmoja, kwa hiyo tafuta koleo lenye vijungu viwili vinavyokutana.

Kitanzi kikibaki hivyo, ndoana inalegalega. Vika mrija wa kusinyaa kwa moto juu ya waya wote na uushushe hadi ufunike tundu la ndoana na mwanzo wa mguu. Upashe joto usinyae. Ndoana itasimama wima, ikiyumba kidogo tu. Ndoana iwe na tundu kubwa tangu dukani, kwa kuwa waya huu ukikunjwa kwenye tundu dogo unavunjika nyuzi moja moja bila wewe kuona.

Hakuna njia ya katikati, yenye ulaini wa kamba na ubishi wa waya?

Ipo, na ndiyo ninayoipenda zaidi ingawa inakula muda. Nunua kamba ya asisti iliyo na uwazi ndani. Kwa sindano ya kusukia, pitisha waya mwembamba wa nyuzi 49 ndani ya kamba. Upande wa pete, kamba inarudi ndani yake yenyewe na kufanya kitanzi, na waya unazunguka pete na kubanwa kwa slivu ndogo. Upande wa ndoana, kamba na waya zote zinapita kwenye tundu, zinalazwa juu ya mguu, na kuzungushiwa uzi mwembamba raundi zisizopungua 20, zikikaa bega kwa bega, kisha supaglu, kisha mrija wa kusinyaa.

Siri yake ni urefu. Waya hauvutiki na kamba inavutika kidogo. Ukizikata sawa kabisa, waya ndio unaobeba samaki peke yake na kamba ni pambo. Mwachie waya milimita mbili za ziada ndani. Kamba ibebe mzigo wa kawaida, na meno yakishaikata, waya uanze kazi.

Wengine huweka florokaboni nene (mshipi mgumu wa plastiki) ndani ya kamba badala ya waya. Hiyo husaidia ndoana isimame na isijizungushe kwenye jigi. Kwa meno haisaidii sana.

Mrija wa kusinyaa uliyeyusha kamba yangu. Nilikosea wapi?

Kiberiti. Kamba nyingi za asisti ni za nyuzi za PE (aina ya plastiki), ambazo huyeyuka kwenye nyuzi joto 145 hivi, na zinaanza kudhoofika kabla ya hapo. Mwali wa kiberiti au jiko la gesi uko mbali sana juu ya hapo. Mrija wa kawaida huanza kusinyaa karibu na nyuzi 90 na humaliza kwenye 120 hivi, kwa hiyo nafasi ya kufanya kazi ni nyembamba.

Mtu wa pwani anaweza kukwambia utumie mvuke wa birika. Hapa Nairobi, tuko juu zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari na maji huchemka karibu na nyuzi 94, kwa hiyo mvuke wetu unausinyaza mrija nusu nusu tu. Draya ya nywele ikisogezwa karibu inafanya vizuri. Ukitaka kwa uhakika, pitia kwa fundi wa simu mwenye mashine ya hewa moto, mwambie aiweke 120. Atakushangaa, lakini ni kazi ya sekunde chache.

Kamba ya nyuzi za Kevlar haiogopi moto hivyo, ila inaogopa jua. Ikikaa wiki nzima juu ya dashibodi ya gari, usiiamini tena.

Vifaa nitavipata wapi hapa mjini?

Ndoana zenyewe, kamba yenye uwazi ndani na waya wa nyuzi 49 huenda ukaagiza kwa intaneti au ukamtuma anayesafiri. Vilivyobaki viko mjini. Mrija wa kusinyaa uko Luthuli Avenue kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki, unauzwa kwa mita. Waambie hitishrinki, watauliza milimita ngapi, na chukua wa milimita tatu na wa nne. Sindano na uzi mgumu wa kuzungushia mguu wa ndoana unaweza kuangalia Biashara Street, au uwaulize mafundi wa viatu Kariakor wanakonunua wao. Koleo la kubania, ukipita Kirinyaga Road, kagua vijungu vyake kabla ya kulipa. Pete usinunue za vikapu vya urembo: zimeunganishwa kwa kukutanisha ncha tu, na huachana. Pete nzima ya kuvulia haina kiungo kinachoonekana.

Waya wa breki wa bodaboda je? Ni wa nyuzi nyingi pia.

Hapana. Ni mnene, mara nyingi ni chuma kilichopakwa zinki tu, na chumvi ikiingia kati ya nyuzi kutu huanzia ndani usikoona.

Na nyuzi za gitaa?

Hapa jibu si hapana moja kwa moja. Uzi wa gitaa usiozungushiwa, ule mtupu, ni chuma cha kaboni nyingi, uzi mmoja mgumu kama waya wa uzi mmoja wa kuvulia, ingawa huo mara nyingi ni wa chuma cha pua. Uzi wa namba 18 una kipenyo cha milimita 0.46, sawa na waya wa kuvulia unaoandikwa namba 7, ambao hubeba takriban ratili 69. Ukikwama, kipande cha sentimita 20 juu ya jigi kitakufaa siku moja. Siku ya pili kitakuwa na kutu. Ule uliozungushiwa shaba usiuguse kabisa kwa kazi hii.

Lida nayo niilindeje? Nimekatwa juu ya jigi, asisti ikiwa nzima.

Alikupiga jigi ikishuka. Nguru na wahoo hupenda kitu kinachoanguka, na jigi inaposhuka bure uzi hulegea, samaki huja na jigi mdomoni akiendelea mbele, na lida inapita kwenye taya. Kwanza, usiache uzi ukimbie wenyewe unapopita katikati ya maji. Tia kidole kwenye rili uushushe kwa kuubana kidogo, ili uzi ubaki wima na uhisi pigo.

Pili, weka kipande kifupi cha waya wa uzi mmoja, sentimita 15 hadi 20, kati ya lida na pete nzima. Haufungwi kwa fundo. Pitisha waya kwenye pete, zikutanishe nyaya mbili kwa pembe pana, uzizungushe pamoja, zote mbili zikijipinda sawa, mara tano au sita. Ukiona mmoja umenyooka na mwingine ndio unaozunguka, anza upya, kwa sababu utateleza. Kisha ncha igeuze iwe pembe mraba na uizungushe ikibana waya mkuu, raundi nyingine tano zilizogusana. Ncha iliyobaki usiikate kwa koleo. Ikunje iwe mkono wa kuzungushia, uizungushe huku na huku hadi ivunjike yenyewe. Hapo inavunjika usawa na raundi ya mwisho, haina mwiba. Iliyokatwa kwa koleo itakuchana kidole kila ukishika jigi.

Upande wa juu, watu huweka swiveli (kiungo kinachozunguka ili uzi usijisokote) inayong'aa. Usiiweke. Wahoo huiona ikimeremeta na kuipiga yenyewe, kisha anakata juu yake na kuondoka na kila kitu. Tumia swiveli ndogo nyeusi, au funga florokaboni moja kwa moja kwenye waya kwa fundo la Albright.

Niongeze ndoana mkiani pia?

Kwa nguru, ndiyo. Hupiga kutoka nyuma, analenga kukata mkia wa mawindo kwanza, na ukivua kwa ndoana za juu pekee utahisi mapigo mengi usiyoyaelewa. Angalia jigi: mikwaruzo ikiwa mingi nusu ya chini, umepata jibu. Weka ndoana moja fupi mkiani, ya waya, na uhakikishe haifiki kwenye ndoana za juu hata ukizivuta zikutane. Karibu na mwamba iondoe, la sivyo utakuwa unavua matumbawe.

Ndoana za chuma cha pua ni bora, si hazishiki kutu?

Hazishiki, lakini nyingi hazichongeki kwa ukali wa chuma cha kaboni kilichopakwa bati. Samaki akiondoka nayo, itakaa naye muda mrefu. Mimi natumia za kaboni, nene, namba 4/0 hadi 7/0, na kuzitupa zikianza kuchoka.

Nitajuaje kazi yangu ya mezani itashika?

Tumia mtungi wa maji wa lita 20. Ukijaa una zaidi ya kilo 20, na kila nyumba Nairobi inao. Funga kipande cha kamba imara kwenye mkono wa mtungi, utie ndoana, kisha unyanyue kwa pete nzima kupitia mti wa ufagio mnene, taratibu, hadi mtungi uachane na sakafu. Uache ukining'inia dakika moja. Halafu utikise. Breki ya rili kwa kawaida huwekwa theluthi ya nguvu ya uzi, kwa hiyo mwenye uzi wa ratili 50 anavuta kilo saba au nane tu. Asisti iliyobeba mtungi bila slivu kusogea inatosha kwa vita hivyo na ziada.

Vaa miwani na usimame pembeni. Ndoana ikiachia chini ya mzigo hurudi kwa kasi. Watoto wawe chumba kingine.

Kagua kabla ya kupima na baada yake: kama slivu imeteleza hata nusu milimita, kata na uanze upya. Usiibane tena juu ya pale ulipobana.

Baada ya kila samaki nikague nini?

Pitisha kamba kati ya kucha mbili kutoka pete hadi ndoana. Popote kucha inapokwama, meno yalipita hapo. Kisha sentimita 30 za kwanza za lida, kwa midomo kama vidole vimekufa ganzi kwa maji ya chumvi. Kwa waya tafuta uzi mmoja uliochomoza, na kama upo, asisti hiyo imestaafu. Ubadilishaji huu ni wa dakika moja kama una asisti za ziada, na watu hawaufanyi kwa sababu samaki wanakula wakati huo huo. Hapo ndipo samaki bora wa siku hupotea.

Namtoaje ndoana mzia bila kuumia?

Koleo refu, taa au jua la kutosha, na mkono mwingine usiwe karibu na kichwa. Mwachie baharia kama amejitolea, ana uzoefu kukushinda. Samaki aliyetulia sakafuni bado anaweza kufunga taya. Jigi yenye ndoana mbili ni hatari zaidi kuliko meno: ndoana moja ikiwa mdomoni mwa samaki na nyingine kwenye kiganja chako, kila akitikisika inakuingia. Ikikuingia kupita mwiba wake, kata kamba, uifunge isitikisike, uende zahanati ukaulizie na sindano ya pepopunda.

Nikirudi Nairobi nifanye nini na vifaa?

Vioshe kwa maji baridi ya kawaida siku hiyo hiyo, hata kama mtaa wenu uko kwenye mgao na maji ni ya mtungini. Karai moja inatosha. Hewa ya huku ni kavu na inakudanganya, kwa sababu chumvi iliyokaukia ndani ya waya wa nyuzi 49 huvuta unyevu mvua za Aprili zikianza, na utakuta vidoa vya kahawia kwenye kila slivu. Kausha kivulini, uweke pasipo jua. Ndoana za kaboni zisilale pamoja na za chuma cha pua zikiwa na unyevu, zile za kaboni ndizo zitakazoliwa.

Naweza kuvua popote nikiwa na boti?

Ndani ya mipaka ya hifadhi za taifa za bahari za Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka 1968, hakuna kuvua. Kisite vivyo hivyo. Manahodha wanaijua mipaka hiyo kwa alama za ufukoni. Leseni ya uvuvi wa michezo muulize mwenye boti kabla hujalipa.

Nasafiri na SGR au ndege, nipakieje?

Kwa treni, ukaguzi wa kituo cha Syokimau ni wa mistari ya mizigo chini na mbwa kupita, halafu mashine. Risasi za jigi huonekana nyeusi tii kwenye mashine na utaulizwa. Ziweke juu ya begi, ndani ya boksi unaloweza kulifungua mbele ya askari bila kumwaga kila kitu. Kwa ndege, ndoana, koleo na jigi vyote viende kwenye mzigo wa chini, na upime uzito nyumbani: jigi 20 za gramu 250 tayari ni kilo tano, na ndege ndogo za Wilson hazina mchezo na mizani. Asisti zifunge kila moja kwenye kipande cha sponji, ncha ikiwa imezama. Zilizopangwa kwa saizi, za waya upande mmoja, za kamba upande mwingine, zinachukuliwa kwa mkono mmoja boti ikiyumba.